Kichujio Nilichokitoboa

Mmeniuliza vipimo, wanangu. Vijiko vingapi vya kahawa, maziwa kiasi gani, barafu kiasi gani. Mmeona kwenye simu mtu akitengeneza kahawa baridi ya Vietnam kwa kile kichujio cha chuma kinachokaa juu ya glasi, na mtu fulani hapa Voi akawaambia, "Nendeni kwa yule mama aliyekuwa mpishi pale lojing. Huyo alikuwa anaitengeneza kabla hamjazaliwa." Ni kweli, nilikuwa naitengeneza. Vipimo nitawapa, msiwe na wasiwasi, lakini mtu aliyestaafu ukimuuliza kitu kimoja hukujibu saba. Vumilieni. Kahawa yenyewe inataka mvumilivu.

Nilipika miaka thelathini na moja, yote katika jiko moja. Nimechoma mikate, nimeunguza wali wa harusi, nimewahi kutia chumvi kwenye custard na mgeni akaniambia asante. Lakini nikiulizwa kosa langu kubwa la kazi ni lipi, mkono unakwenda wenyewe rafuni, kwenye kichujio hiki.

Kitazameni kwanza. Ni kikombe kidogo chenye matundu chini, kimekaa kwenye kisahani chenye matundu vilevile. Ndani kuna kibati cha duara cha kuikalia kahawa, na juu kifuniko. Hakuna stima, hakuna karatasi, hakuna kitu cha kuharibika. Mimi nilikiharibu siku ya pili.

Kilikuwa mali ya mgeni wetu wa chumba namba nne, mama mmoja wa Vietnam aliyeitwa Lan. Alikuja kununua mawe ya thamani ya kijani kwa wachimbaji wa huko Kasigau na Mwatate, akasema atakaa wiki tatu, akakaa zaidi ya mwaka. Tulikuwa rika moja. Kiswahili alikiokota machimboni, kwa hiyo kilikuwa na matusi mawili matatu ambayo yeye mwenyewe hakuyajua, na sisi jikoni tukaona haya kumwambia. Asubuhi alikuwa anakwenda kwa wachimbaji. Akirudi alasiri na vumbi mpaka kwenye nyusi, alitaka kitu kimoja tu: kahawa ya kwao, yenye maziwa na barafu.

Siku ya kwanza alitengeneza mwenyewe. Siku ya pili alinionyesha haraka haraka, akaniachia kichujio, akaenda kuoga. Nikamwaga maji ya moto. Likatoka tone moja. Nikangoja. Likatoka lingine.

Sasa muelewe nilikotoka. Jikoni kwetu, chai ya watu ishirini ilikuwa inaiva kabla meza haijapanguswa. Kitu kinachodondoka tone tone kwetu ni kitu kibovu. Na maji ya kisima hapa Voi mnayajua, yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika na kuziba bomba la kuogea. Nikasema, maskini mgeni, maji yetu yamemzibia chombo chake. Nikachukua sindano ya kushonea magunia na nyundo ya kuvunjia barafu, nikakaa mlangoni, nikapanua tundu moja baada ya jingine, huku naimba. Sikuacha hata moja.

Nikajaribu tena. Kahawa ikashuka yote kwa mkupuo, nyepesi, na machicha yake. Nikampelekea mgeni kabla hajamaliza kufunga kanga, nikamwambia kwa fahari, "Nimekutengenezea. Sasa hakizibi tena."

Lan alikiinua kichujio kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama kupitia yale matundu.

"Mghoi," akasema, "wewe nafungua mlango. Kahawa nakimbia."

Nilitaka ardhi inimeze. Bahati nzuri alikuwa na cha pili, kidogo zaidi, kimepondeka ubavuni. Akaniambia hicho sitakigusa mpaka awe amekaa hapo hapo. Kwa hiyo nilijifunza kahawa hii nikiwa nimeketi, mimi ambaye sikuwahi kuketi kazini. Tuliweka vigoda viwili uani, tukatazama matone, na katika kutazama tukawa marafiki.

Haya, vipimo. Chukua glasi ndogo nene. Tia vijiko viwili vya kula vya maziwa mazito ya mkebe, yale matamu. Kwenye kichujio tia vijiko vitatu vya chai vya kahawa, vilivyojaa. Kahawa iwe imekaangwa ikakaribia weusi na kusagwa kama sukari, isiwe unga. Tikisa kidogo ilale sawa, weka kibati juu yake na usikikandamize kwa nguvu. Maji yaliyochemka mwaga kidogo tu, yailoweshe, kisha hesabu polepole mpaka thelathini. Kahawa itavimba. Ndipo ujaze, ufunike, uondoe mkono. Dakika nne, tano. Ikitiririka, umeisaga nene au umetia kidogo. Isipodondoka kabisa, umeisaga laini mno, legeza kibati. Wala usichukue sindano.

Ikiisha, koroga mpaka maziwa yapande kutoka chini, kisha mimina kwenye glasi ndefu iliyojaa barafu. Nimesema iliyojaa. Barafu mbili zinayeyuka kabla hujakaa, unabaki na maji ya kuoshea. Kichujio ukioshe kwa maji ya ndimu mara moja kwa wiki, na ukipata maji ya mvua au ya mlimani, tumia hayo.

Mngetaka niishie hapo, najua. Lakini siwezi kukishika kichujio hiki nisimtaje mama.

Mama alikuwa anakaa kwetu Bura, juu mlimani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mibuni kumi na mmoja, wajukuu wa mibuni iliyoletwa na mapadri wa misheni, ndivyo babu alivyotuambia. Tulichuma, tukakausha, ikauzwa. Hakuna aliyekunywa. Kahawa kwetu ilikuwa ya gunia, na kikombe kilikuwa cha chai.

Baba alipougua, habari ilinifikia Alhamisi. Wiki hiyo mpishi mkuu alikuwa hayupo na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeachiwa jiko lote, na Jumamosi tulikuwa na harusi. Nikajiambia nitapanda Jumapili. Hakuna aliyeninyima ruhusa, sikuomba. Nilidhani baba atangoja, maana alikuwa mtu wa kungoja. Alifariki Jumamosi alasiri nikiwa napakua pilau.

Nilifika Jumapili na aproni bado iko kwenye mkoba. Niliitundika kwenye msumari jikoni kwa mama, nikapika chai ya waombolezaji, nikampelekea mama kikombe chake. Alikitazama, akakipokea, akakiweka chini. Kikapoa pale. Hakunigombeza, wala siku hiyo wala baadaye. Lakini tangu hapo mama hakunywa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Si chai, si uji, si maji. Nilikuwa nikipanda likizo, ananisalimu, ananiuliza habari za kazi, ananipa ndizi za kurudi nazo Voi. Nikimpa kikombe, anakiweka chini. Ilikwenda hivyo miaka tisa. Nililisha mahakimu, madereva wa malori na watalii, na mama yangu mzazi akawa na kiu mbele yangu. Ile aproni niliiacha kwenye msumari. Sikuwa na uso wa kuiulizia.

Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu Wataita, mzee akiwa na hasira na mtoto wake, wanasema hasira hiyo inaweza kumdhuru mtoto hata kama mzee mwenyewe hataki. Dawa yake ni kutasa. Unachukua funda la pombe ya muwa, au la maji, unalipuliza nje liwe manyunyu, na unasema maneno ya kuitoa ile hasira moyoni. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, na kutasa alikuwa akijua vilevile. Lakini mtu halazimishwi. Hasira ikitolewa kwa kulazimishwa haijatoka. Nikangoja, na kusema kweli nikaacha kungoja.

Turudi kwa Lan. Kahawa aliyokuja nayo ikaisha. Nikataka kumfurahisha, nikanunua buni kwa mtu sokoni, nikaikaanga mwenyewe, nikaipeleka posho mill isagwe. Kijana wa mashine akaimimina moja kwa moja nyuma ya debe la mahindi la mtu mwingine. Nilipomwagia maji, kichujio kizima kikaganda. Lan akachokoa kwa kijiko, akaonja.

"Hii ugali," akasema.

Ndipo akaniuliza kahawa ya kweli inamea wapi. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba kwetu tuna mibuni kumi na mmoja na hakuna anayekunywa. Alinikodolea macho.

"Kahawa iko kwenu, na wewe nakunywa chai?"

Jumapili iliyofuata alikodi gari, tukapanda Bura. Nilibeba maziwa ya mkebe, barafu kwenye themosi ya mdomo mpana, na vichujio vyote viwili, kwa kuwa nilifunga mkoba kwa wasiwasi na sikuangalia. Sikumwambia Lan kuhusu mama. Kama kuna mtu jikoni alimwambia, mpaka leo sijui.

Mama alimpokea vizuri sana. Lan alikwenda moja kwa moja kwenye mibuni, akapiga magoti, akanusa jani, na mama akacheka kumwona mtu mzima akinusa majani kama mbuzi. Kulikuwa na buni kavu kwenye kigunia, haijauzwa. Tukaitwanga kwenye kinu, tukapepeta kwa ungo. Mama akaikaanga yeye, kwa sababu moto ulikuwa wake na hakuna wa kumpangia. Lan akawa anamwambia bado, bado, iwe nyeusi.

"Mgeni wako anataka kahawa au makaa?" mama aliniuliza kwa Kidawida, lugha yetu.

Ilipokaribia kuungua, Lan akatia kijiko cha siagi, na harufu iliyotoka hapo bado naisikia. Tukaitwanga tena. Nikampa Lan kichujio kizima, kile kilichopondeka. Akakirudisha mikononi mwangu.

"Mghoi natengeneza," akasema. "Leo mimi mgeni." Akavuta kigoda, akakaa.

Mgeni akishakaa, mwenye nyumba hawezi kuondoka. Mama akakaa. Mimi nikatia maziwa, nikatia kahawa, nikamwaga maji. Tukakaa watatu tukitazama ile glasi.

"Kimeziba?" mama akauliza.

"Hapana, Mao," nikasema; ndivyo tunavyomwita mama kwa Kidawida. "Ndivyo kilivyo."

"Kinangoja nini?"

"Kinangoja tu."

Matone yakaendelea. Kisha mama akasema, bila kuinua sauti na bila kuondoa macho kwenye glasi, "Baba yako naye alikungoja."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kulitaja jambo hilo.

"Najua, Mao."

"Hujui. Kila mlango ukilia alikuwa anauliza, Mghoi amefika? Na mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Nilimwambia uko njiani. Alhamisi nikamwambia uko njiani, Ijumaa nikamwambia uko njiani. Nilimdanganya mtu anayekufa, kwa ajili yako."

Lan hakuelewa neno hata moja, lakini alitazama chini. Kama ingekuwa chai, ningekuwa nimeshainuka kwenda kuipakua na maneno hayo yasingesemwa. Kichujio kilinifunga pale kigodani mpaka tone la mwisho.

Nikakoroga, nikamimina juu ya barafu, nikampa mama kwa mikono miwili. Akaipokea. Nilikuwa natazama mkono wake, kama utashuka chini. Haukushuka. Alichukua funda kubwa, mashavu yakajaa, akainuka, akaigeukia mibuni, akalipuliza lote nje.

Lan aliruka kutoka kwenye kigoda. "Pole, mama, pole sana, sukari mingi, pole," akawa anasema, na kuniangalia mimi nimwokoe. Mimi nilikuwa nalia.

"Kama nilikuwa na hasira na mtoto huyu, itoke," mama alisema. "Iende na haya. Moyo wangu upoe. Na yeye alale salama, ale ashibe, kazi yake isimle." Akakaa. Akanywa iliyobaki yote, barafu ikigonga meno yake machache, akafuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Sukari imezidi," akasema, na akanisogezea glasi mbele nimtilie tena.

Nilimweleza Lan baadaye ni nini kilichotokea. Akaanza kupima kahawa ya glasi ya pili. Tulipokuwa tunafunga mizigo, mama akakiona kile kichujio kingine, akauliza mbona matundu yake makubwa. Nikamsimulia habari za sindano ya magunia. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nilikuwa nimeshasahau mama akicheka anakuwaje.

"Kiache hapa," akasema. "Nitachujia maziwa."

Baada ya hapo kila likizo nilipanda na themosi ya barafu. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba alasiri, na kila mara alikuwa akimaliza glasi na kusema sukari imezidi. Nikimwambia nitapunguza, ananyamaza. Lan aliondoka mawe yalipopungua. Alinipa kichujio chake, akaahidi atarudi, akanipa namba ambayo baada ya muda ikawa haipatikani. Namkumbuka sana. Nikiona mtu mwenye vumbi kwenye nyusi naangalia mara mbili. Lojing nayo ikanunua mashine ya kahawa yenye kelele, bonyeza hapa, sekunde thelathini, tayari. Nilijifunza, na siichukii. Wageni wana haraka na mpishi hula kwa haraka ya wengine. Nyinyi pia mtaitumia, msijione mmekosea.

Mama alipougua, ujumbe ulinikuta nakata vitunguu. Niliacha kisu juu ya ubao. Nilikaa naye siku sita, na maji yake ya mwisho aliyanywa kwa kijiko kutoka mkononi mwangu. Hilo nashukuru, na halinitoshi.

Matanga yalipokwisha nikaingia jikoni kwake kupanga vyombo. Kile kichujio changu kibovu kilikuwa rafuni, na hakikuwa na harufu ya maziwa. Nikakifungua. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kitambaa cha duara kilichokatwa kwa uangalifu kikaenea sawasawa, kahawia kwa kahawa. Pembeni kilikuwa na mstari wa samawati. Niliujua mstari ule, nimeuvaa kifuani miaka mingi. Nikageuka kuangalia msumari. Aproni ilikuwa pale, imekatwa duara kwenye pindo, na duara jingine, na jingine.

Jirani yetu Wakesho alikuwa anafagia uani. Nikamwonyesha.

"Hicho?" akasema. "Alikuwa anakitumia zile alasiri ambazo hujaja. Anaweka vigoda viwili, anakaa kwa kimoja. Nikamwambia Mao, si uchemshe tu kwa sufuria? Akaniambia kilikuwa kinakimbia sana, sasa kinakwenda vizuri."

Nilikaa kwenye kigoda. Wakesho aliendelea kufagia, na namshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo, wanangu, vichujio ninavyo vyote viwili, na kile kizima nitawaazima. Hiki cha kitambaa sikiazimi. Njooni alasiri yoyote, mlete barafu, maana friji yangu inafanya kazi ikitaka. Mtaniona nikitia maziwa vijiko viwili, kama nilivyowaambia. Ni mengi, najua, na daktari naye amenikataza. Lakini natia viwili vilevile, nakaa, nangoja tone la mwisho, nakunywa mpaka barafu, na hakuna mtu wa kuniambia sukari imezidi.